Mkandarasi wa kata, mkokoteni, kikundi au ujimalizie mwenyewe: taka zako hapa Dar umpe nani?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa ya Dar hii mada haikauki. Gari la taka halijapita wiki ya pili sasa, kunguru wameshachana viroba getini, na yule dada wa ushuru keshagonga na kimashine chake cha risiti. Basi hapo maswali yanaanza, hivi ni lazima kumlipa huyu mkandarasi? Si bora kijana wa mkokoteni apewe buku zake abebe leo leo yaishe? Mwingine anasema yeye ana shimo nyuma ya nyumba wala hana shida na mtu, mwingine ana mgahawa na bwana afya kamwandikia faini wakati kila siku anamlipa mtu akazitupe, sasa anazitupa wapi ndo hakuna anayejua.

Nimezipanga hapa njia zenyewe kwa vipimo vilevile ili kila mtu aangalie inayomkaa. Nazungumzia Dar zaidi, ila aliyeko Mwanza, Arusha au Dodoma atakuta mengi yanafanana manake sheria mama ni moja.

Kwanza tenganisha ada na taka zenyewe

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezibebesha halmashauri kazi ya taka ngumu. Halmashauri inatunga sheria ndogo, inaweka ada kwa kaya na kwa biashara, kisha inampa mkandarasi au kikundi eneo lake, mara nyingi kata nzima au mitaa kadhaa, akusanye taka na ada. Mfumo wa kuwapa watu binafsi Dar ulianza mwaka 1994 kwa kampuni moja kupewa kata za katikati ya mji, na mwishoni mwa miaka ya 90 ukasambaa kata nyingine na vikundi vya mitaani vikaingia humo.

Kwa hiyo ukisema "mimi sihitaji huduma, nina shimo langu" ada bado inakusubiri palepale, kwa sababu haiangalii kama siku ile umetoa kiroba au hujatoa, inaangalia kwamba upo, una nyumba au una fremu. Unaweza kugoma kumlipa mkandarasi mbovu na ukawa na hoja nzuri tu, lakini hoja hiyo inapelekwa serikali ya mtaa au kwa afisa afya wa kata, haiishii getini kwa kumfokea yule dada ambaye mwenyewe kaajiriwa. Kinachobaki mikononi mwako kuchagua ni taka zako zipite njia gani, na hapo nafasi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kitu kingine, Dar sasa hivi ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (ndo ile Ilala ya zamani, ilipandishwa 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina sheria ndogo zake na viwango vyake. Shemeji yako wa Kimara akikwambia analipa kiasi fulani usimwendee nacho mtendaji wako wa Mbagala. Nenda ofisi ya mtaa uombe kuonyeshwa kiwango cha eneo lako kwenye karatasi, ni haki yako na hakihitaji kubembelezwa.

Vipimo nilivyotumia

Vitano tu. Hela halisi kwa mwezi, yaani pamoja na zile za pembeni. Uhakika wa kuja, kwa sababu bei rahisi ya gari lisilokuja ni ghali. Zinaishia wapi. Uko upande gani wa sheria siku bwana afya akipita. Na cha tano ni aina ya taka, manake jaba la maganda ya ndizi na jaba la pampasi sio kitu kimoja hata kama uzito ni uleule.

Cha tatu naomba nikikalie kidogo. Watu wanasema "zikishatoka kwangu sio shida yangu". Mji huu umeshapita huko. Wakazi wa Tabata walikuwa na dampo mlangoni, wakafungua kesi Mahakama Kuu (ni ya mwaka 1988 kwenye vitabu vya sheria), jiji likaomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na mahakama ikakataa kwa kutumia ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, nako wananchi wakaenda mahakamani mwaka 1991. Baadae ikawa Vingunguti, halafu Mtoni, na sasa Pugu Kinyamwezi.

Pugu kutoka katikati ya mji ni kama kilomita 30. Kwa mtu wa Bunju au Mbweni ni kuvuka mji mzima na foleni zake. Ukielewa hilo umeelewa nusu ya matatizo ya taka za Dar: gari linaunguza dizeli na siku nzima kwa tripu moja au mbili, dereva akikwama foleni mtaa wa mwisho kwenye ratiba ndo unaokosa, na kijana wa mkokoteni ambaye hawezi kabisa kufika Pugu kwa miguu lazima apate pa karibu pa kumwaga. Hiyo "pa karibu" inaweza kuwa kizimba halali (pale kata inapokusanyia taka zisubiri lori), inaweza kuwa mtaro, inaweza kuwa Mto Msimbazi.

Njia ya 1: Mkandarasi aliyepewa kata yako

*Hela.* Kwa kaya ni ada ya mwezi, haibadiliki kama una kiroba kimoja au vinne, kwa hiyo familia kubwa inafaidi na bachela anaona kama anawalipia wenzie. Kwa biashara inapanda kulingana na aina, duka la vocha na baa haviwezi kulingana. Tatizo ni zile za pembeni, "mama toa ya maji vijana wabebe", hizo haziko kwenye sheria yoyote. Siku hizi halmashauri nyingi zinakusanya kwa kontrol namba au kwa mashine ya POS, na hapo uwe mkali: hakuna risiti, hakuna hela. Risiti ndo ushahidi wako siku ukilalamika gari halikuja, na ndo ushahidi wako siku ukiambiwa hujalipa.

*Uhakika.* Hapa inategemea kata mpaka inachosha kusema. Kuna mitaa gari linapita kila Jumanne na Ijumaa watu wanaliwekea saa, kuna mitaa linaonekana siku mbili kabla ya ushuru kukusanywa. Barabara inaamua mengi. Kama mtaa wako ni vichochoro vya Manzese au Tandale, au ni mlimani kule Makongo kwenye njia za kupanda na kushuka, lori haliingii, litasimama barabarani lipige honi na nyie ndo mbebe. Masika nayo, kuanzia Machi mpaka Mei, usitegemee ratiba ileile ya Januari, hata njia ya ndani ya dampo huwa tope.

*Zinaishia wapi.* Kwa kawaida Pugu, na ni njia ambayo unaweza kuifuatilia kwa sababu kuna mkataba na kuna ofisi. Ila zinakwenda zikiwa zimechanganywa, ulichotenganisha jikoni kwa jasho kinamiminwa humo humo kwenye lori. Inakera, najua, na ndo maana nasema kama unatenganisha basi kile kikavu kitoke kwa njia nyingine kabla lori halijafika.

*Sheria.* Uko salama kuliko njia zote.

*Taka gani.* Za kawaida za nyumbani na dukani. Kifusi hawabebi, matawi ya mti uliokata hawabebi au watakudai ya ziada, na wala sio kosa lao, kifusi kinatafutiwa gari lake.

Inamfaa aliyepanga nyumba yenye geti barabarani, familia zenye watoto wadogo (pampasi hazina njia nyingine ya maana, tutafika huko), na mwenye fremu anayetaka karatasi zake ziwe safi.

Njia ya 2: Mkokoteni, guta au toyo la mtaani

Hawa vijana watu wanawatukana sana na wakati huohuo hawawezi kuishi bila wao. Mimi naona tuwe wakweli, kwenye makazi ambayo hayajapimwa, na Dar sehemu kubwa haijapimwa, hakuna lori litakalomtoa bibi taka zake kwenye kichochoro cha upana wa mita moja. Mkokoteni unamtoa.

*Hela.* Unalipia unachotoa, kwa kiroba au kwa ndoo, na bei ni ya kuelewana. Kwa mtu mmoja ni rahisi. Sasa piga hesabu ya familia: tuseme kiroba ni buku moja na unatoa viwili kwa wiki, hapo ni buku nane kwa mwezi, na ada ya halmashauri bado iko palepale inakusubiri. Watu wanaona wamelipa kidogo kwa sababu inatoka kidogo kidogo.

*Uhakika.* Ni namba ya simu. Ukipiga anakuja, saa nyingine ndani ya nusu saa. Akisafiri kwao au akapata kibarua cha kubeba mchanga umekwisha, anza kutafuta mwingine.

*Zinaishia wapi.* Hili ndo swali zito na hawa vijana hawako sawa. Wapo wanaofanya kazi chini ya kikundi au chini ya mkandarasi mwenyewe, wanazoa vichochoroni na kupeleka kwenye kizimba cha kata ambako lori linazichukua, na hao ni sehemu halali kabisa ya mfumo. Wapo wa kujitegemea ambao wanapeleka kizimbani usiku kwa kujificha. Na wapo ambao wakishapinda kona taka zako ziko mtaroni, hasa mvua ikianza kunyesha, maana maji yanabeba na ushahidi. Halafu mvua ikizidi, mtaro uliozibwa unarudisha maji sebuleni kwa watu wa Jangwani na Kigogo, na pengine na wewe mwenyewe.

Namna ya kumjua: muulize jina la kikundi chake na anapeleka kizimba kipi, kisha muulize mtendaji wa mtaa kama anamtambua. Kijana wa halali atakujibu bila kona. Akianza "wewe mama nipe tu, usijali", ujali.

*Sheria.* Hapa ndo penye mtego, hasa kwa biashara. Kanuni za taka ngumu za mwaka 2009 zinataka anayekusanya na kusafirisha taka awe na kibali, na wewe uliyezizalisha una wajibu wako. Boksi lenye jina la duka lako likikutwa mtaroni hakuna atakayemtafuta mkokoteni, anatafutwa mwenye boksi.

*Taka gani.* Karibu zote, na hapo ndo raha yake: magodoro, kifusi kidogo, makumbi ya nazi, matawi. Makopo na chuma anaweza hata kukupunguzia bei kwa sababu anaenda kuviuza.

Inamfaa wa kichochoroni, anayehama nyumba, aliyefanya usafi mkubwa wa uani, au ile wiki ya dharura gari halikuja. Kwa mgahawa kama njia pekee ya kila siku, mimi singeshauri.

Njia ya 3: Kikundi au ushirika unaokusanya taka zilizotenganishwa

Hii bado ni ya mitaa michache. Mfano unaojulikana ni Bonyokwa, ambako shirika la Nipe Fagio lilisaidia kuanzisha ushirika wa wazoa taka: wanapita nyumba kwa nyumba, kila kaya inatenganisha zinazooza na zisizooza, za kuoza zinageuzwa mboji palepale kwenye kata, plastiki, chuma na karatasi zinauzwa, na kinachobaki tu ndo kinaenda dampo. Ukifikiria kwamba zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni maganda, mabaki ya ugali, majani ya mchicha na uchafu wa samaki, unaona kwamba gari lingepunguziwa mzigo kiasi gani kama kata nyingi zingefanya hivi.

*Hela.* Ni ada ya mwezi kama ya mkandarasi. Usitegemee kwamba kwa vile wanauza chupa basi watakuzolea bure, kuuza chupa kunaziba pengo la mishahara tu, bei ya plastiki inapanda na kushuka vibaya.

*Uhakika.* Wazoaji ni wa mtaa huohuo, unawajua kwa majina, hawapigi kona nyingi. Lakini kikundi kidogo guta likipasuka tairi ratiba nzima imelala.

*Zinaishia wapi.* Bora kuliko njia zote hizi kwa kipimo hiki, unaweza hata kwenda kuona kwa macho.

*Sheria.* Uko vizuri, mradi kikundi kimetambuliwa na halmashauri na ndicho kinachokusanya ada halali ya eneo hilo. Kama kuna mkandarasi wa kata pia, ulizia mapema nani analipwa nini ili usije ukadaiwa mara mbili.

*Taka gani.* Wanakataa zilizochanganywa, na hapo ndo watu wengi wanachoka. Ndoo mbili jikoni zinataka nyumba nzima ikubali, kuanzia baba mpaka dada wa kazi mpaka mgeni aliyekuja kula sikukuu. Nyumba ya wapangaji sita wanaotumia jaba moja uani, ngumu sana.

Inamfaa mtaa wenye mshikamano, shule, ofisi ndogo, na nyumba ambazo mtu mmoja ana usemi jikoni.

Njia ya 4: Kujimalizia nyumbani

Tuanze na zile mbili ambazo watu wanaziita kujimalizia na sio. Kuchoma: moshi wa plastiki na pampasi ni sumu, unaingia kwanza kwako, na jirani akienda kwa bwana afya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inamsikiliza kwa sababu hiyo ni kero. Kufukia kila kitu shimoni: kwenye maeneo ambayo maji yako juu, kama Bonde la Mpunga pale Msasani au sehemu za Kigamboni, ukichimba kidogo tu umekutana na maji, na jirani kisima chake kiko hatua chache. Kwenye kiwanja kikubwa kule Chanika au Kibada shimo la majani na maganda halina neno, la kila kitu hapana.

Kujimalizia kwenyewe ni mboji, mifugo, na kuuza vikavu.

*Hela.* Karibu bure, na vikavu vinaingiza hela ya chumvi. Chupa za plastiki, makopo ya bia na soda, chuma chakavu na maboksi vina wanunuzi karibu kila kata, wanapima kwa kilo. Ada ya halmashauri, nimeshasema, iko palepale.

*Uhakika.* Wewe mwenyewe.

*Zinaishia wapi.* Kwenye bustani yako. Ndoo kuukuu yenye matundu chini, tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au pumba za mbao, funika. Samaki na nyama usiweke, utaita panya na kunguru wa mtaa mzima. Masika ndoo ikae chini ya paa, ikijaa maji inanuka na ndo mwanzo wa ugomvi na jirani. Vifuu vya nazi navyo usivisubirie vioze, peleka jikoni vikawashe moto.

Mabaki ya chakula ya mgahawa huwa yanachukuliwa na wafuga nguruwe na mapipa yao, mpango mzuri kwa pande zote, ila makombo yachemshwe kabla nguruwe hawajapewa kwa sababu homa ya nguruwe inapita humo humo. Hilo ni la mfugaji lakini mwenye mgahawa asiyechanganya vijiti vya meno na mifuko kwenye makombo anasaidia sana.

*Sheria.* Hakuna anayekukataza kutengeneza mboji. Sheria ya 2004 yenyewe inazungumzia kutenganisha taka pale zinapozalishwa, kwa hiyo uko mbele ya wengi.

*Taka gani.* Inamaliza zinazooza na zinazouzika. Pampasi, taulo za kike, mifuko ya chipsi, nguo kuukuu, vyupa vilivyovunjika, hivi vinabaki na vitahitaji njia ya 1 au ya 3. Kwa hiyo hii haisimami peke yake, inachofanya ni kupunguza viroba kutoka vitatu mpaka kimoja ambacho hakinuki, na kiroba kisichonuka kinaweza kusubiri gari lililochelewa bila vita.

Inamfaa mwenye uwanja hata kidogo na muda, na asiyeona kinyaa. Ghorofani Kariakoo mboji sahau, ila kuuza maboksi na chupa inawezekana kabisa.

Njia ya 5 (biashara tu): Mkataba wako mwenyewe na kampuni ya taka

Hoteli, supamaketi, viwanda vidogo, kumbi za harusi, shule za bweni. Unasaini na kampuni yenye vibali, wanakuletea makontena au mapipa, wanachukua siku mlizokubaliana.

Bei ni kubwa na inapangwa kwa ujazo au kwa tripu, kwa hiyo anayepunguza na kutenganisha anaona faida yake kwenye ankara, tofauti na ada ya mwezi. Uhakika ni mzuri kwa sababu kuna mkataba unaoweza kuuvunja wasipokuja. Kuhusu zinakoishia, dai uandikiwe kwenye mkataba zinapelekwa wapi na upewe karatasi ya kila safari, kampuni ya maana haishangai ukiuliza. Kwa taka za sokoni na za jikoni kwa wingi kuna njia ya mboji pia, Kinondoni wana kiwanda cha mboji pale Mabwepande kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kinachopokea taka za kuoza hasa za masoko.

Upande wa sheria kitu kimoja kinasahaulika: kuwa na kampuni yako hakukutoi moja kwa moja kwenye ada ya halmashauri. Andika barua, ambatanisha mkataba, uliza unahesabiwa vipi, upate jibu la maandishi kabla mgambo hawajaja na makadirio yao. Na masoko, maeneo ya biashara na taasisi zimetajwa kwenye sheria kwamba zitenganishe taka palepale zinapotoka, kwa hiyo mapipa mawili jikoni kwa mgahawa mkubwa hayahesabiki kama umaridadi.

Mama lishe na duka la mtaani hii haiwahusu, itakula faida yote.

Ambazo hazimo kwenye njia yoyote hapo juu

Sindano na taka za duka la dawa au zahanati zina utaratibu wake na tanuri zake, kuchanganya na taka za kawaida ni kumchoma mzoa taka, na nasema kumchoma kwa maana ileile ya sindano. Mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani aweke sindano kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na aulize kituo chake cha afya wazirudishe vipi. Betri za gari na mafuta machafu ya gereji vinahesabiwa taka hatarishi, visiende mtaroni wala kwenye lori la kata. Vyupa vilivyovunjika vifungwe kwenye boksi na uandike juu.

Na mifuko: marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ilianza tarehe 1 Juni 2019, kukutwa nayo au kuitumia ni faini ya kati ya 30,000 na 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba au vyote. Mifuko ya kuwekea taka haimo kwenye katazo hilo, kanuni ziliacha nje plastiki za usafi na za kushughulikia taka, kwa hiyo akikwambia mtu mfuko mweusi wa taka ni kosa mwambie akasome tena. Ila kwa kunguru wa Dar mfuko peke yake ni kazi bure, nunua jaba lenye kifuniko.

Sasa wewe upo wapi hapo

Umepanga chumba kimoja, Sinza au Mwananyamala, taka zako ni kiroba kidogo kwa wiki: lipa ada, kubaliana na wapangaji wenzio nani anatoa jaba siku ya gari, chupa mpe anayepita kuokota. Usihangaike na zaidi.

Familia yenye mtoto wa pampasi, nyumba inafikika na gari: mkandarasi ndo nguzo, na maganda uyatoe kwenye mboji kama una hata kipande cha uwanja. Pampasi zifungwe zenyewe, zikae kwenye jaba lenye kifuniko.

Uko kichochoroni gari haliingii: mkokoteni, lakini wa kikundi kinachojulikana na anayepeleka kizimbani, na mkae majirani kama kumi mumpe siku maalumu, atawapa bei nzuri na mtamjua. Wakati huohuo mpeleke hoja kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba ada mnalipa na gari haliwafikii, kwa hiyo mkandarasi ndo amlipe huyo kijana. Kuna mitaa hili limekubalika.

Gari limeacha kuja kabisa: kusanya risiti za miezi iliyopita, andikeni tarehe ambazo halikuja, wapeleke watu wawili watatu kwa afisa afya wa kata na nakala kwa mtendaji. Mkataba wa mkandarasi ni wa halmashauri na unaweza kuvunjwa, lakini kwa malalamiko ya WhatsApp pekee hauvunjiki.

Mama lishe, genge, kioski cha chipsi: mkandarasi kwa ajili ya karatasi (zile risiti), mfuga nguruwe au kuku kwa ajili ya makombo na maganda, na ndoo yenye kifuniko iwepo hapo mbele siku zote. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi, fagia na mbele ya jirani kidogo, bwana afya naye ni binadamu.

Mgahawa mkubwa, baa, ukumbi: linganisha ankara ya kampuni na ada ya halmashauri baada ya kutenganisha, sio kabla. Wengi wanaomba bei wakiwa na mapipa sita ya mchanganyiko, wakati manne kati ya hayo yangeweza kuchukuliwa na wafugaji na wanunuzi wa chupa.

Mwenye nyumba ya wapangaji wengi: weka kwenye mkataba wa kupanga nani analipa ada na jaba ni la nani. Nusu ya ugomvi wa uani unaishia hapo, ile nusu nyingine ni ya luku.